Mwenye Mti Ajitokeze

Mvua ya Kakamega huwa haina maringo. Kila alasiri huja, hunyesha, hujiondokea, na watu huendelea na chai yao. Lakini ile ya Jumanne ilikuja na hasira za mtu aliyenyimwa nyama harusini. Upepo ulitangulia, mawe ya barafu yakafuata, na punde mabati yalikuwa yakipepea juu ya Shinyalu kama mabango ya wagombea baada ya uchaguzi. Jua lilipochungulia tena, kila mtu alikuwa ameshika kichwa.

Kila mtu, isipokuwa Bravin Osiako.

Yeye alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai Lurambi, mguu juu ya mguu, akimsikiliza mwendesha boda aliyekuwa ametoka huko amelowa mpaka soksi.

"Shinyalu hakuna nyumba imebaki sawa," kijana alisema. "Kuna mama mmoja anaitwa Maximilla, mti umelala juu ya nyumba yake kama mlevi juu ya kitanda cha jirani."

"Pole zake," Osiako alisema kwa sauti ya mazishi. "Mti gani huo?"

"Mti tu. Mkubwa. Watu wawili hawaukumbatii."

"Una majani gani?"

"Mapana. Yako kama moyo hivi."

Hapo moyo wa Osiako mwenyewe ukaruka. Majani mapana yenye umbo la moyo! Huo ungekuwa nini kama si mukumari? Na mukumari Osiako alikuwa ameuona mara nyingi sana: ukiwa kitanda, ukiwa meza, ukiwa kochi la mheshimiwa. Mafundi seremala wa mjini waliulilia kama watoto wanavyolilia titi.

Ni vizuri msomaji amjue mtu huyu mapema, maana wengi walimjua wakiwa wamechelewa. Osiako hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu cha mtu. Osiako alikaa tu mkao wa kupokea, mpaka mtu mwenyewe akamletea na kumshukuru. Mwaka uliopita aliwauzia wafanyabiashara wa sokoni dawa ya panya, na panya wa Kakamega hawajawahi kunenepa vile. Msiba wa wengine kwake ulikuwa kama msimu wa mavuno, na yeye hakupenda mazao yaozee shambani.

Akalipa chai yake (ndiyo, alilipa, siku hiyo alikuwa na furaha), akavaa jaketi la kung'aa alilolipata kwenye mitumba, akaweka kofia ngumu kichwani, akapanda pikipiki yake. Nyuma ya jaketi kulikuwa na maandishi yaliyofifia ya mashindano ya mbio za nyika. Lakini nani husoma mgongo wa mkubwa?

Alimkuta Maximilla amesimama katikati ya bustani, au tuseme mahali bustani ilipokuwa ikiishi. Mvua ya mawe ilikuwa imeikatakata sukuma wiki tayari kwa sufuria. Kilichokosekana ni jiko tu, kwa kuwa jiko lilikuwa chini ya mti. Migomba ilikuwa imeinama kama watu walioambiwa waombe. Mahindi yalikuwa yamelala yote upande mmoja. Nyumba kubwa ilikuwa imebonyea kona, na baadhi ya mabati yalikuwa yamehama bila kuaga.

Mti wenyewe ulikuwa umekuja kutoka kwa jirani. Mizizi yake iliyong'oka ilikuwa ndani ya boma la George, na George mwenyewe alikuwa amesimama kando ya shimo, akilitazama kama mtu aliyelikuta hapo.

"Mimi ni Afisa wa Miti Iliyoanguka," Osiako alitangaza, akijipangusa tope ambalo halikuwepo. "Mwenye mti ni nani?"

Watu wote wakamtazama George. George akatazama mawinguni.

"Mzee, nakuuliza wewe. Mizizi iko kwako."

"Mizizi iko kwangu, lakini mti uko kwake," George alijibu. "Mtu huishi kichwa chake kilipo, si miguu ilipo."

"Sawa. Nauliza kwa sababu sheria yetu iko wazi. Mwenye mti ndiye anatengeneza nyumba. Mabati, mbao, misumari, ukuta, mpaka bustani."

George aliposikia neno "mpaka bustani", dini ilimwingia ghafla. Akaomba Biblia. Makhanu, liguru wa kijiji kile, yaani mzee ambaye kesi zote humfikia kabla hazijafika kwa chifu, akaileta. George akaapa mbele ya majirani kwamba mti ule si wake, haujawahi kuwa wake, na hata kivuli chake hajawahi kukikalia. Majirani walikohoa. Kivuli kile ndicho George alikuwa akilalia kila Jumapili baada ya chakula.

Osiako alifurahi. Mdai mmoja alikuwa amejiondoa mwenyewe, tena kwa Maandiko. Akamgeukia Maximilla, akashusha sauti.

"Mama, sitaki kukutisha. Mti huu haukuangushwa na upepo. Huu umepigwa na radi. Hauwezi kuwa kuni, hauwezi kuwa mbao, na ukikaa hapa, radi nyingine itakuja kumtafuta mwenzake."

"Uwiii!" Maximilla alishika kifua. "Na Jumamosi Winrose wangu anapata wageni! Wazee wa upande wa kijana wanakuja kujitambulisha. Nitawaketisha wapi? Juu ya tawi?"

"Usilie, mama. Ofisi yangu itauondoa bure na kuupeleka mahali pake maalum."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni wizara nyingine."

Maximilla alimtazama kwa muda. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa uso, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lake, mtu aliyekuwa ameendesha matanga mengi kiasi kwamba angeweza kumfanya hata marehemu achange.

"Mungu hachelewanga," alisema hatimaye. "Mwanangu, hujakula. Winrose, shika ile ingokho."

Kuku akachinjwa, akapikwa nje juu ya mafiga. Osiako, akingoja heshima yake iive, alizunguka nyuma ya nyumba kupiga simu kwa seremala mmoja wa Lurambi.

"Boss, nimeangukiwa na bahati. Mukumari! Unene wa fahali! Hapana, hawajui kitu hawa. Nimewaambia ni mti wa radi, na mama anashukuru huku ananipikia kuku. Wewe noa misumeno."

Alicheka kidogo, akarudi. Upande wa pili wa ukuta Winrose alikuwa akianika blanketi zilizolowa. Aliianika ya mwisho polepole sana.

Osiako alipewa ugali wa moto, obusuma wenyewe, na kuku, na juu ya nyama akawekewa firigisi, kipande ambacho katika nyumba ya Mluhya hapewi mpita njia. Akaila kwa kufumba macho. Kama angeyafumbua, pengine angeona jinsi mama na binti walivyokuwa wakitazamana.

Kesho yake alirudi na Kiplagat, mwenye trekta na msumeno wa petroli, mtu wa maneno machache ambaye Osiako alikuwa amemwahidi fungu lake mzigo ukifika. Kiplagat aliutazama mti, akamtazama Osiako, akataka kusema kitu.

"Msumeno una mafuta?" Osiako alimkatiza.

"Uko nayo."

"Basi kata."

Kiplagat akakata. Matawi yakaondolewa, jiko likaonekana likiwa bapa kama chapati, na gogo kubwa likabaki limelala uani, nono, la kupendeza. Osiako alikuwa akilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe aliposikia kelele. George alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi, na nyuma yake nusu ya kijiji.

"Acheni mti wangu!"

"Mti wako?" Osiako aliruka. "Jana uliapa!"

"Niliapa mti si wangu. Sikuapa kuhusu mbao!"

"Mzee, utachomwa moto na Mungu."

"Hayo ni yangu na Yeye. Huu ulipandwa na babu yangu. Nimekaa usiku kucha nikifikiria, nikaona afisa hawezi kutoka mjini kuja kubeba balaa bure. Nimeshapigia watu wa mbao. Wako njiani!"

Jasho lilimtoka Osiako. Watu wa mbao wakifika, hadithi ya radi itakufa pale pale na kochi la mheshimiwa litapanda gari la mtu mwingine. Akili yake, ambayo kwa kawaida hutembea kwa madaha, sasa ilikimbia bila viatu.

"Mti huu hauna babu!" alipiga kelele. "Mti huu ni wangu!"

Hata kuku waliacha kuparura.

"Umesema?" Makhanu aliuliza, akisogeza fimbo yake.

"Nimesema mti ni wangu. Huyu mzee aliukana mbele yenu. Mimi ndiye mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu... zamani."

"Zamani sana? Hata jana asubuhi ulikuwa wako?"

"Jana, juzi, siku zote! Muulizeni yeyote!"

"Na jana ulipoanguka, ulianguka ukiwa wako?"

"Sasa ulianguka ukiwa wa nani?"

Maximilla akapiga vigelegele ambavyo vilisikika mpaka msituni. "Mwenye mti amepatikana! Bwana asifiwe! Mimi nilikuwa nalia, kumbe mwenyewe nilimlisha firigisi!"

"Sheria tuliisikia hapa hapa," Makhanu alisema kwa upole wa kutisha. "Mwenye mti ndiye anatengeneza nyumba. Mabati, mbao, misumari, ukuta. George, nini tena?"

"Mpaka bustani," George alijibu, akivaa kofia yake. Kwa mtu aliyekuwa amenyang'anywa urithi wa babu, alionekana mtulivu sana.

Osiako aliangalia kushoto, akaona vijana wenye mapanga waliokuja kusaidia kukata matawi. Aliangalia kulia, akaona akina mama wa kanisa wakiingia na majembe, ndoo na nyimbo. Kiplagat alikuwa amezima msumeno na kukaa juu yake. Palikuwa na njia mbili: kusema yeye si afisa na mti si wake, mbele ya mapanga; au kutengeneza nyumba. Na hapa ndipo tamaa, rafiki yake wa utotoni, ilipomnong'oneza sikioni: gogo hilo likifika Lurambi litanunua nyumba kama hii na ng'ombe wa kufunga mlangoni. Kona ya paa ni nini? Ni mtaji tu.

"Nilikuwa nangoja tu mniulize," alisema kwa tabasamu. "Nyumba nitatengeneza. Kisha nachukua gogo langu."

"Kisha unachukua," Maximilla alikubali. "Sisi hatukulanga kitu cha mtu."

Makhanu akapanda nyuma ya pikipiki, asije afisa akapotea njia, wakaenda mjini kwa Simiyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Simiyu alikuwa mmoja wa walionunua ile dawa ya panya. Alisikiliza maneno matamu ya Osiako mpaka mwisho, akasema ni maneno mazuri, na mabati yatatoka pikipiki ikiingia. Pikipiki ikaingia. Mabati, mbao na misumari vikaenda Shinyalu kwenye mkokoteni, na afisa akiusukuma kwa nyuma.

Osiako alikuwa hajawahi kufanya kazi ambayo mdomo hauwezi kuimaliza. Sasa alipanda juu ya paa, akagonga misumari, na kwa kila msumari mmoja aligonga vidole viwili. Chini akina mama walimwelekeza kwa sauti moja.

"Hiyo bati umelaza kinyume, afisa!"

"Maji yataingia hapo, afisa!"

"Afisa, misumari ya mabati inagongwanga kwa mgongo wa bati, si kwa bonde. Hukufundishwa huko ofisini?"

Aliposhuka, Winrose alimngoja bustanini. Akamwonyesha jinsi ya kukata sukuma iliyochanika ibaki vishina, ili ichipue upya. Jinsi ya kuisimamisha migomba kwa miti yenye panda. Jinsi ya kuinua mahindi na kuyakandamizia udongo miguuni. Osiako aliinua mstari mzima, akageuka, akakuta mahindi yote yamelala tena.

"Unayainua kama unayaambia uongo," Winrose alisema. "Kandamiza kwa nguvu. Mahindi hayasikiangi maneno."

Kisha jiko. Osiako alikanyaga udongo na maji mpaka magoti, akakandika ukuta kwa viganja alivyokuwa ameviweka laini kwa ajili ya kusalimia wakubwa. George alikuja kila siku kutazama, akikaa kwenye kiti, akitoa ushauri. "Fundi, pale umeacha tundu," angesema, na Osiako angekandika, akijifariji kwa kulitazama gogo.

Ijumaa alasiri mvua ilirudi. Wote walikimbilia ndani, wakasimama wakitazama juu. Mabati yalinguruma, upepo ukayatikisa, lakini hakuna tone lililoingia. Maximilla alipita na kitambaa akitafuta pa kupangusa, akakosa. Osiako, amelowa, amejaa matope, vidole vimevimba kama mihogo, alisikia kitu cha joto kikimpanda kifuani. Akadhani ni malaria.

Jumamosi wageni walifika. Waliketi sebuleni wakiwa wakavu, wakala, wakasifu. Mzee mmoja wa upande wa kijana alitazama kona mpya ya paa akauliza fundi ni nani. Maximilla akamwita Osiako mlangoni.

"Ni huyu. Mti wake uliniangukia, na hakukimbia. Sijaona mwanaume kama huyu."

Wageni walimpigia makofi. Osiako aliinama kidogo, akijiona mtu wa ajabu: amewadanganya wote, na bado wanampigia makofi. Ingawa alikuwa ametega sikio kwa hila ya mwisho, haikuja. Kiplagat alifika na trekta, vijana wakasaidia kulipakia gogo, Makhanu akatoa baraka, na Maximilla akamfungia kipande cha kuku kwenye jani la mgomba.

"Nenda na mti wako, mwanangu. Asante sana."

Trekta ikaondoka. Osiako alikaa juu ya gogo kama mfalme. Wajinga, alisema moyoni. Wametoa dhahabu kwa mabati.

Walikuwa wanakaribia mjini Kiplagat alipogeuka kumwuliza.

"Hizi kuni unapelekea shule gani?"

"Kuni?" Osiako alicheka. "Kiplagat, hii ni mukumari."

Kiplagat akapunguza mwendo, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Hii ni musutsu. Majani yanafanana kidogo tu. Mbao yake inaliwa na wadudu kabla hujamaliza kupaka rangi. Sisi tunauzianga shule, wanapikia githeri."

"Wewe umekata mti huu mwenyewe! Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Ukaniuliza kama msumeno una mafuta."

Osiako hakuamini mpaka walipofika kwa seremala. Seremala alitoka na wanafunzi wake wote, akakwaruza gome kwa ukucha, akaketi chini kwenye vumbi la mbao, akacheka mpaka mtu akamletea maji.

Osiako alimpigia simu Maximilla. Nyimbo zilisikika nyuma. Aliyepokea alikuwa George, mdomo umejaa.

"Fundi! Umefika salama?"

"Mzee, mlijua mti huu ni wa kuni!"

"Shinyalu nzima tunajua. Watoto wanaujua. Ni wewe tu hukujua, na ukamwambia mtu wa Lurambi kwa simu, na Winrose anaanika blanketi. Jioni ile wakaja kwangu na liguru. Maximilla akaniambia, George, mti ni wako na unajua ni wako. Ama unijengee nyumba, ama kesho ukuje mbio ukilia mbao." Akameza. "Mimi sina mabati, lakini mbio ninazo."

"Mmenitapeli!"

"Tumekunyima nini? Ulitaka mti, uko na mti. Ulisema ni wako tangu zamani. Ngoja kidogo, wageni wanataka kuimba."

Simu ikakatika. Kiplagat alikuwa ameshakubaliana na mpishi wa shule moja ya karibu; bei ya gogo ingemlipa yeye kwa kazi yake, na labda ingebaki ya Osiako kununua sabuni. Pikipiki ilikuwa kwa Simiyu. Osiako aliketi kando ya barabara, akafungua jani la mgomba, akala kuku wake kimya kimya, kwa sababu hata aliyeangukiwa na dunia huona njaa.

Alikuwa akinyonya mfupa wa mwisho simu ilipoita. Namba ngeni.

"Hapo ni kwa fundi Osiako?" Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Naitwa Rosebella, niko Chekalini. Upepo umetubebea paa ya nyumba na ya zizi. Ndugu yangu yuko kwa hao wageni wa Maximilla, anasema wewe unafanyanga kazi safi, na hukimbiangi. Unaweza kukuja Jumatatu?"

Osiako alitazama mikono yake. Udongo wa jiko ulikuwa bado umekauka kwenye kucha. Mdomo wake ukafunguka wenyewe kwa mazoea, ukataka kusema yeye ni afisa wa paa zilizobebwa, kwamba kuna ada ya usajili, kwamba zizi liko wizara nyingine. Lakini Simiyu hakupokea maneno, na Chekalini ni mbali kwa miguu.

"Mama," alisema kwa tahadhari, "hapo kwako kuna mti wowote umeanguka?"

"Hakuna. Tuko na upepo tu."

"Hata mdogo?"

"Hata mdogo."

"Basi nakuja," Osiako alisema. "Lakini mtafute mabati mapema. Na misumari ile inagongwa kwa mgongo wa bati, si kwa bonde. Watu wengi hawajui."